Laini ya Ardith Schoonover

Novemba 14

Naanza kuandika kwa sababu nikiendelea kuyasema haya kwa mdomo watanifukuza kambini. Nimefika Quartzsite juzi, nimelipia kibali cha kukaa majira yote ya baridi, nimeegesha trela langu palepale pa mwaka jana kando ya korongo kavu. Leo asubuhi nimefungua pazia nikakuta pua ya gari la mtu dirishani pangu. Jangwa lote hili la Arizona, maili na maili za changarawe, na bibi kizee kutoka Nebraska ameona hapa ndipo penye nafasi. Anaitwa Ardith Schoonover. Ana miaka themanini na mitatu na nyumba yake ya magurudumu anaiendesha mwenyewe, jambo ambalo serikali ingepaswa kulichunguza.

Alinigongea na sahani mkononi.

"Nimekuletea mkate wa maboga, mwanangu. Naona uko peke yako."

"Niko peke yangu kwa kupenda."

"Hata mimi," akasema, akakaa kwenye ngazi yangu.

Mkate ni mkavu. Nimeula wote.

Novemba 19

Upepo. Vumbi mpaka kwenye sukari.

Novemba 22

Nimekwenda gulioni kumlipa Clell Dunlavy, na mate yangu bado machungu.

Mtu huyu anakaa kati ya muuza mawe na mnoa visu, ana meza ya kukunja na kibao: UNA KISHIKWAMBI CHA ZAMANI DROONI? Biashara yake ni laini. Mwaka 2010 Kampuni ya simu iliuza kwa wiki chache tu laini za vishikwambi za dola thelathini kwa mwezi, utumie intaneti mpaka uchoke, bila kipimo. Kisha wakajuta, wakafunga mlango. Lakini waliokuwa ndani hawakutolewa: ukiwa nayo, ni yako, mradi usiguse kitu. Siku hizi laini hizo zinauzwa kama viwanja. Dunlavy huzinunua kwa wasiojua walicho nacho, huwauzia wanaojua kupita kiasi. Mimi ni wa kundi la pili ila sina bei yake, kwa hiyo ananikodisha. Nampa tisini kila mwezi. Thelathini zinakwenda Kampuni, sitini zinakwenda kwenye kitambi chake, na kitambi kinashukuru.

"Amri unazikumbuka, dada?" akaniuliza, kama mwalimu wa shule ya Jumapili.

"Nazikumbuka."

"Zitaje."

"Dunlavy, nina miaka hamsini na sita."

"Na laini ina miaka sita, lakini ndiyo yenye thamani. Usibadilishe kifurushi. Usiache kadi ya benki iishe muda. Na hata ukiungua na moto, usiwapigie Kampuni simu kuomba msaada. Kule wamejaa mabinti wenye roho nzuri. Watakurekebishia. Wakisharekebisha, laini imekufa, na hakuna wa kuifufua."

Muuza mawe alicheka. Na yeye namwandika humu.

Desemba 1

Nimepata kazi! Baada ya miezi kumi na moja ya kuambiwa "tutakujulisha." Ninavaa spika za masikioni, nasikiliza mikutano na mihadhara, naandika kila neno kadiri linavyotoka mdomoni, na kiziwi aliye mbali anasoma papo hapo. Mikono yangu ina kasi kuliko ulimi, na ulimi wangu mnaujua.

Msimamizi anaitwa Priscilla. Sauti yake ni ya mtu anayetabasamu kwa kulipwa. "Siku tisini za majaribio, Marva. Mwisho Februari ishirini na nane. Intaneti iwe ya chumbani kwako, si ya maktaba wala ya mkahawa. Ukikatika siku moja, tunaongeza siku. Ukikatika ya pili, tunaagana."

Nikiikosa hii, nauza trela na kwenda kulala gereji ya kaka yangu Ohio, ambako mkewe huhesabu vipande vya mkate. Nalisema hapa wazi ili nisijidanganye baadaye. Siendi Ohio.

Desemba 8

Ardith ana mtu ndani. Tangu saa moja asubuhi nasikia anaongea, ananyamaza, anaongea. Na alisema yuko peke yake, mwongo mkubwa.

Desemba 12

Si mwongo. Nimekwenda kumwambia apunguze sauti, nikamkuta anamenya viazi mezani, na mbele yake kishikwambi kimeegemezwa kwenye kopo la kahawa. Kwenye kioo kuna bibi mwingine, mdomo umepinda upande, amekaa kwenye kiti cha magurudumu na blanketi magotini.

"Huyu dada yangu Leota," akasema Ardith. "Yuko kwenye nyumba ya wazee kule Kearney. Alipata kiharusi, hasemi. Simu ya kawaida haina faida kwake. Leota, huyu ndiye Marva, yule niliyekwambia mkali."

Leota alinitazama. Nikasema habari za asubuhi, nikajiona mjinga.

"Mnaongea mpaka saa ngapi?"

"Hatuongei. Tunakaa tu. Nikiamka nafungua, akilala nafunga. Tulilala chumba kimoja miaka kumi na tisa kabla sijaolewa. Tumezoea."

Nilirudi kwangu nikapiga hesabu. Saa kumi na mbili za video kila siku. Kwa kifurushi cha kawaida angekuwa ameshauza gari, figo na mkate wa maboga. Bibi huyu ana laini ya 2010. Ameniambia mwenyewe: marehemu mumewe aliinunua wiki zilezile, mpwa wao akahamishia kadi kwenye kishikwambi kipya chenye kamera, na yeye analipa thelathini zake kila mwezi hajui kwamba amekalia dhahabu.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Desemba 25

Chakula cha pamoja kambini. Nyama ya bata mzinga, viazi, watu waliovaa kofia zenye taa. Nimekaa dakika arobaini. Dunlavy alikuwa anamkatia Ardith nyama. Fisi akimkatia nyama mbuzi, mimi nashika kisu changu.

Januari 4

Ameuza laini yangu. Dunlavy, mshenzi, mwana wa mshenzi. Amekuja mwenyewe, kofia mkononi.

"Kuna bwana ana basi kubwa kuliko kanisa. Ametoa mia tisa taslimu. Nimekuachia mpaka tarehe tisa."

"Nina kazi, Dunlavy! Nina majaribio!"

"Najua, dada. Ungenipa wewe mia tisa, ningekuuzia wewe."

"Nyingine huna?"

"Januari hii? Watu laki nzima wamejaa jangwani, kila mmoja anataka kutazama mpira. Ninayo yangu mwenyewe tu, nayo siuzi."

Nikamwambia mambo ambayo siyaandiki, maana daftari linaweza kusomwa na watoto wa watu.

Kisha nikamuuliza, kama kwa utani, kuhusu ya Ardith. Uso wake ukabadilika.

"Ile naijua mwaka wa nne sasa. Iache."

"Unamngoja afe?"

"Iache, Marva," akasema, akavaa kofia.

Ndiyo, anamngoja afe.

Januari 7

Nimeoka keki. Mimi.

Januari 8

Nilikwenda na keki na maneno nimeyapanga. Ardith alikuwa anamsomea Leota chemshabongo ya gazeti kwa sauti, anasubiri, kisha anajijibu mwenyewe.

Nikamweleza. Laini yake ina nguvu za kutosha watu wawili, lakini kishikwambi kimezuiwa kugawa intaneti. Tukiitoa kadi tukaitia kwenye ruta yangu, kile kisanduku cha kugawa intaneti, wote wawili tutapata kwa hewa: yeye na Leota wake, mimi na kazi yangu. Zile thelathini za kila mwezi nitalipa mimi.

"Na Leota nitamwona vilevile?"

"Vilevile. Pengine vizuri zaidi, maana ruta ina antena."

"Hakuna hatari yoyote?"

Kila mtu kwenye biashara hii anajua jibu. Kampuni ina mashine inayochungulia kila kadi imekaa ndani ya chombo gani. Ikikuta kadi ya kishikwambi imo kwenye ruta, inaweza kukuandama. Wengine hukaa miaka hawaguswi. Wengine hukamatwa mwezi wa kwanza.

"Hakuna," nikasema.

Alimgeukia dada yake. "Unasemaje, Leota? Tumsaidie mkali wetu?" Leota akapepesa macho, na Ardith akasema hiyo ni ndiyo.

Nilimtengenezea kila kitu, hata nikafungua barua pepe yake kwenye kompyuta yangu ili bili za Kampuni nizione mimi, jambo rahisi, maana neno lake la siri alikuwa ameliandika kwenye kipande cha karatasi na kukibandika kwenye friji.

Januari 11

Inafanya kazi. Inakimbia. Priscilla amenisifu.

Januari 15

Dunlavy ameiona antena. Amesimama nje akaitazama muda mrefu.

"Umeitoa kwenye kishikwambi," akasema.

"Umeuza ya kwangu."

"Mimi nimeuza kitu changu, Marva."

Nikafunga dirisha. Nyani haoni kundule.

Januari 20

Upepo umeanza alfajiri ukavunja mlingoti wa antena saa nne, nikiwa katikati ya mkutano wa madaktari. Nimekatika saa tatu nzima. Nilipanda paa na kamba na mkanda wa gundi, mchanga unanichoma uso kama sindano, natukana kila kitu kilichoumbwa. Nikatazama chini nikamwona Ardith, amejifunga kitambaa kichwani, ameishika ngazi kwa mikono miwili.

"Ingia ndani, bibi, utapeperuka!"

"Nikiingia utaanguka wewe!"

Hana uzito wa mbuzi, lakini hakuondoka mpaka nilipomaliza. Ndani akanipa supu ya kopo. Leota alikuwa kwenye kioo tena, akatutazama tulivyojaa vumbi, na nusu ya mdomo wake ikacheka. Nami nikacheka. Sikumbuki lini nilicheka mara ya mwisho.

Priscilla amesema amesikitika sana, na siku hii ameiandika kuwa ya kukatika.

Januari 29

Ardith amenifundisha kucheza karata mchezo wa kwao. Ananiibia waziwazi. Leota anaona kila kitu na hasemi, shahidi wa aina ninayoipenda.

Februari 6

Niandike jambo ambalo halinipendezi: nimeanza kuamka nikingoja sauti yake. "Leota, mwenzio ameamka." Kila siku maneno hayohayo. Nilikuwa nayachukia Novemba. Sasa yakichelewa nachungulia dirishani.

Februari 13

Mvua, dakika kumi. Jangwa limenuka vizuri kwa saa moja kisha likarudi tabia yake.

Februari 19

Barua imekuja.

Ni Jumapili, sina zamu, nilikuwa natazama barua pepe zangu na zake zikiwa wazi kando. Nikaiona inaingia. Jina la Kampuni, na chini yake: *Tumegundua kwamba laini yako inatumika kwenye chombo kisichoruhusiwa na mkataba. Tafadhali irudishe kwenye kishikwambi ndani ya siku kumi. La sivyo tutaifunga, na kifurushi hiki hakitarejeshwa.*

Nimeisoma mara tano. Siku kumi zinaishia Machi mosi. Majaribio yangu yanaisha Februari ishirini na nane. Ina maana nina siku moja ya ziada. Tarehe ishirini na nane nikimaliza zamu ya mwisho nachomoa kadi, naitia kwenye kishikwambi chake, hakuna aliyeumia na hakuna aliyejua.

Nimepiga simu moteli zote nne za Blythe, mji wa jirani, kama kuna chumba chenye intaneti. Wazee wanaokimbia baridi ya kaskazini wamezijaza mpaka Machi. Nimemtumia Dunlavy ujumbe kama amepata laini yoyote. Hana.

Ningeweza kumwambia Ardith. Kwa ukuta huu mwembamba namsikia anamsimulia Leota jinsi ya kukaanga vitunguu. Nikimwambia, atasema, "Irudishe, mwanangu," na atakuwa na haki, na nitakuwa Ohio. Ndiyo sababu simwambii. Sitafuti sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo.

Nimeifuta. Kwenye kompyuta yangu, kwa hiyo na kwenye kishikwambi chake. Imechukua kidole kimoja.

Februari 20

Kazi. Upepo.

Februari 21

Kazi.

Februari 22

Ardith ameniletea mkate wa maboga. Nimemwambia sina njaa. Ameuacha kwenye ngazi. Kwa nini mtu asiwe na kiburi kidogo? Ukimfungia mlango angalau akasirike, akuache upumue. Amenikera siku nzima.

Februari 24

Nimemfokea kwa sababu ya sauti. Amesema, "Samahani, mwanangu, nitanong'ona." Sasa ananong'ona. Ni mbaya zaidi.

Februari 27

Priscilla amepiga simu.

"Habari njema, Marva, wateja wanakupenda. Jambo moja dogo tu. Ile siku ya upepo, Januari ishirini. Lazima tuiongeze. Kwa hiyo siku yako ya mwisho ni Machi mosi. Zamu inaisha saa kumi jioni, kisha nakutumia mkataba."

Nilisema sawa. Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Barua ilikuja tarehe kumi na tisa. Ishirini ni ya kwanza. Machi mosi ni ya kumi. *Ndani ya* siku kumi, hata ya kumi imo. Nina haki na siku yote ile mpaka iishe.

Dunlavy angesema nini? Angesema Kampuni haihesabu kwa vidole vyako. Simuulizi.

Februari 28

Leo ningeweza kuirudisha. Nilimaliza zamu saa kumi, nikaichomoa ile kadi, nikaishika mkononi. Ndogo kuliko ukucha. Nikasikia kwa Ardith, "Leota? Leota, umepotea," na ile sauti yake ikaanza kupanda, na nikairudisha haraka. Kwenye ruta.

Siku moja tu.

Machi 1

Saa tisa na nusu mkutano umekwisha mapema. Priscilla ametuma mkataba palepale. Nimeusaini. Nimepiga kelele peke yangu ndani ya trela, nimeipiga meza ngumi, mimi Marva Teague nina kazi ya kudumu.

Saa tisa na dakika arobaini taa ya ruta imegeuka nyekundu.

Nimeizima nikaiwasha. Nimeichomoa kadi, nimekimbia nayo kwa Ardith bila viatu, nimeitia kwenye kishikwambi, nikamwambia ni hitilafu ndogo. Kioo kimeandika: *Hakuna huduma.* Nikajaribu tena na tena, yeye amesimama nyuma yangu na leso.

"Ni ile mitambo yao?" akauliza.

"Ndiyo, bibi. Ni mitambo."

Machi 2

Nataka kuyaandika haya kwa mpangilio.

Asubuhi Ardith alimwita Dunlavy. Nilisikia gari lake nikatamani kutoka niende matembezi, lakini alinigongea: "Njoo, mwanangu, wewe ndiye unayejua tulivyoifunga." Kwa hiyo tulikaa watatu kwenye meza yake, na kahawa, na kishikwambi katikati yetu kama maiti.

Dunlavy alikishika, akagusa hapa na pale, akakiweka chini.

"Imefungwa. Hii hairudi, Bi Ardith." Akakuna kidevu. "Lakini huwa wanatuma barua kwanza. Wanatoa siku kumi. Hukupata barua?"

Niliangalia kahawa yangu.

"Nilipata," akasema Ardith.

Niliinua macho.

"Jumapili ile," akaendelea. "Nilikuwa namwonyesha Leota vitunguu, ikatokea pale juu, jina la Kampuni. Nikaenda kutafuta miwani. Niliporudi haipo. Nikajua Marva ameshaishughulikia, maana mambo haya ndiye anayeyashughulikia."

Alisema bila hata kunitazama, kama mtu anayetaja siku ya kuchukua takataka. Hakuwa ananitega. Nimemchunguza muda wote huu nikitafuta mtego, hakuna.

Dunlavy alinitazama mimi. Alijua. Biashara yake ni kujua nani ana nini na nani anaficha nini. Nilingoja aniumbue, na naapa nilitaka aniumbue, ili nimjibu, ili tupigane kama kawaida yetu.

"Ah," akasema taratibu. "Basi pengine walikuwa wameshakata. Siku hizi hutuma barua kwa ajili ya sura tu."

Alinidanganyia. Yule fisi. Miaka minne ameijua laini ile na hakuigusa, wala hakuwa anangoja mtu afe. Alikuwa anaona wanawake wawili wamekaa chumba kimoja, akapita mbali. Na sasa amenifunika nguo yake mbele ya bibi yule ili asiumie mara mbili. Namchukia kwa hilo kuliko kwa lolote alilowahi kunifanyia.

"Mpigie Leota, mwanangu," Ardith akaniambia. Akanisogezea simu yake ya vitufe. "Muuguzi atamwekea sikioni. Mimi nitalia, na akinisikia nalia ataogopa. Wewe unajua kueleza."

Nilipiga. Muuguzi alipokea, akasema, "Afadhali mmepiga! Tangu jana amekaa mbele ya kile kioo cheusi. Tukitaka kukiondoa anatushika mikono. Ngoja nimpe."

Kisha nikasikia pumzi tu.

"Leota," nikasema. "Ni mimi Marva. Jirani wa dada yako."

Maneno nilikuwa nayo. Mitambo, hitilafu, Kampuni, subirini kidogo. Mimi ambaye kazi yangu ni maneno ya watu, niandikayo bila kukosa, nilifungua mdomo na hata moja halikutoka. Pumzi zikaendelea. Hana hata njia ya kuniuliza. Kila mtu mwingine ningeweza kumdanganya kwa sababu angeweza kunijibu.

"Laini imekatwa kwa sababu yangu," nikasema. "Niliitoa kwenye kishikwambi nikijua ni hatari. Walionya. Barua ilikuja, nikaifuta, ili nimalize majaribio ya kazi. Dada yako hakujua. Alifikiri nimeishughulikia."

Dunlavy alisimama akaenda dirishani.

Ardith alinyoosha mkono, akaichukua simu kutoka mkononi mwangu, polepole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto mkasi. Akaiweka sikioni.

"Umemsikia, Leota?" akasema. "Hata mimi nimemsikia."

Akageuza kiti, akanipa mgongo. Hakulia. Akaanza kumwambia kwamba leo hakuna upepo, kwamba amevaa ile sweta ya kijivu, kwamba kuna ndege amekaa juu ya tangi la maji. Alinyamaza pale ambapo Leota angepepesa macho, kisha akaendelea. Nilikaa mpaka kahawa ikapoa ndipo nikaelewa kwamba hakuna atakayenifukuza, na kwamba nilitakiwa niwe nimeshaondoka.

Machi 3

Dunlavy ametoa laini yake mwenyewe akaitia kwenye kishikwambi cha Ardith. Sikuulizwa wala sikuambiwa, nimeona kwa dirisha. Nilimfuata kwenye gari na zile dola mia nne nilizo nazo. Alizitazama akapandisha kioo.

Machi 4

Ardith amesogeza gari lake. Si mbali, ni upande wa pili wa korongo. Mlango wake sasa unatazama mashariki, si kwangu.

Machi 6

Moteli moja ya Blythe imepata chumba, nimehamia. Intaneti ipo, kitanda kipo, dirisha linatazama ukuta. Zamu ya kwanza ya mkataba ni leo saa mbili asubuhi, mkutano wa bodi ya shule, naandika kila neno wanalosema.

Kazi ninayo.